Kamati ya Kumlilia Maalim Shaikha

Maalim Shaikha alikufa Jumatatu alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, na sisi tukawa bado tunachagua mwenyekiti.

Usitucheke. Kwetu Kenya mtu akifa kuna wiki nzima ya kujipanga, pengine mbili. Kuna kamati, kuna mikutano ya jioni yenye chai na mabishano, kuna picha kubwa ya marehemu iliyozungushiwa maua, kuna kijitabu cha ratiba na wasifu unaoanzia siku aliyozaliwa na kumalizikia siku aliyougua. Marehemu mwenyewe anasubiri bila kulalamika. Maskati hakuna kusubiri. Nilikuwa nimeishi huko miaka tisa na hayo yote niliyajua, lakini mazoea yana nguvu. Kufikia wakati Mildred anathibitishwa kuwa mwenyekiti, mimi katibu, na mweka hazina amepatikana ingawa hazina yenyewe haikuwapo, Maalim alikuwa ametimiza saa sita kaburini.

Huo ulikuwa mwaka 2004. Mildred alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya watu binafsi, mwanamke wa mwili na wa sauti, ambaye naamini hata tumboni mwa mama yake alikuwa akiendesha mkutano. Mimi naitwa Beryl. Nilikuwa napiga pasi katika duka la dobi huko Ghala, katikati ya magereji, dishidasha baada ya dishidasha, zile kanzu nyeupe za Waomani, na mlangoni kila atakayeingia ana mikono ya grisi. Ukitaka kujua hasira zangu zilikotoka, anzia hapo.

Na Maalim Shaikha alikuwa mwalimu wetu. Alizaliwa Unguja, akasomesha jiografia huko, kisha akaja Oman miaka ya sabini akasomesha tena jiografia katika skuli ya wasichana mpaka alipostaafu mwaka 1995. Mumewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa, nyumba yake ya mtaa wa Ansab imebaki na yeye na redio. Kukaa kukamshinda. Siku moja hospitalini alimwona msichana wa Kikenya akitia sahihi karatasi ya Kiarabu aliyoishika juu chini. Ijumaa iliyofuata akautoa ubao wake mweusi, akausimamisha chini ya kile kibanda cha kuegeshea gari, akaenda mlango kwa mlango akiwaulizia wafanyakazi wa watu kama wanataka kujua wanachotia sahihi.

Tulikuja mmoja mmoja, kisha tukajaa. Walikuja wasichana wa kazi, madereva, wasusi, mafundi wa gari. Miaka minane, kila Ijumaa asubuhi, bila kutaka kwetu hata asante, alitufundisha kusoma na kuandika Kiarabu. Aliendesha kibanda kile kama skuli ya serikali. Mwanamume mwenye ndevu alinyanyua mkono kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, na akikaa sana aliulizwa huko kulikuwa na nini. Siku nyingine za wiki alitusindikiza hospitali kutusemea, na ofisi ya kazi, ambako makarani walisimama wakimwona kwa sababu alikuwa amewasomesha mama zao. Na katika mtaa wake mwanamke akifa hana jamaa, Maalim ndiye aliyemwosha.

Alikuwa na kasoro moja. Alipenda kucheka, na alicheka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2002 meneja wangu aliniita ofisini akanipa karatasi yenye muhuri, akaniambia kwa mdomo kwamba kuanzia sasa mimi ni msimamizi wa meza za pasi. Nikatia sahihi. Nilikuwa nimesoma kwa Maalim miaka mitatu, ningeweza kuisoma karatasi ile neno kwa neno, lakini mtu akiambiwa amepanda cheo macho yanaingia ukungu. Nikajigamba wiki nzima. Ijumaa nikaja darasani na sahani ya mandazi ya kusherehekea, na Maalim akasema, haya, msimamizi, simama utusomee hiyo barua ya cheo chako.

Nikasimama, nikasoma. Kila mstari nilivyosonga mbele ndivyo sauti yangu ilivyorudi nyuma. Barua haikuwa na cheo chochote. Ilisema kwamba mimi, kwa hiari yangu, nakubali kufanya kazi mwaka mzima unaokuja bila likizo.

Maalim akacheka. Kibanda kizima kikamfuata. Fundi mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, na huyo sijamsamehe mpaka leo. Mimi nikamwambia Maalim, mbele ya watu wote, kwamba yeye ni mwalimu aliyestaafishwa akakataa kustaafu, na kwamba anatufundisha bure kwa sababu hakuna mwingine anayemtaka.  Nikachukua mkoba wangu, nikachukua na sahani yangu ya mandazi watu wakiwa bado wanatafuna, nikaondoka.

Wiki iliyofuata alikuja Ghala. Nilimwona kupitia mvuke wa pasi, na mwavuli wake na miwani yake, akiingia ofisini kwa meneja. Nilijificha nyuma ya dishidasha zilizotundikwa. Alikaa mle saa mbili, na alipotoka karatasi ile ilikuwa imechanwa vipande. Mwaka ule nikapata likizo yangu, nikaenda Kisumu nikamwona mama yangu, nikala samaki mpaka nikavimba. Sikwenda kumwambia Maalim asante. Kwanza nilikuwa na hasira, baadaye nikawa na aibu, na aibu ikikaa miaka miwili inakuwa mpangaji, huiondoi tena.

Wiki moja kabla hajafa simu ya dukani ililia. Sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiarabu kwamba Maalim Shaikha yuko hospitali na anamtaka Beryl. Niliogopa. Nilidhani nitasemwa, tena kutoka kitandani kwa mgonjwa, ambako huwezi hata kujibu. Nikabadilisha sauti kidogo nikasema Beryl hayupo, amesafiri.

Ndiyo maana ujumbe wa Mildred uliponifikia kwenye simu Jumatatu ile nilikaa chini sakafuni katikati ya mashati. Nilitaka jambo moja tu, nalo ni kumwomba radhi mtu wa damu yake, uso kwa uso, kabla msiba haujafungwa. Na msiba wa Omani ni siku tatu. Unafungwa Jumatano alasiri, watu wanakunja mikeka wanarudi kazini, na baada ya hapo wewe ni mgeni tu unayegonga mlango wa watu na maneno yako ya zamani.

Jumanne kamati ilikutana tena. Ajenda ilikuwa wasifu. Nilisema twende tu, tukae, tutoe pole, turudi, ndivyo wafanyavyo wenyewe. Mildred akaniuliza kama ninataka mwalimu aliyetupa macho azikwe kimya kimya kama paka. Nikamwambia ameshazikwa. Akasema hiyo ni hoja ya mtu asiye na shukrani, na kwa kuwa alinipiga penye kidonda, nikanyamaza nikaandika. Zikatoka kurasa nne. Tatu atasoma yeye. Ya nne niliiomba mimi, na ndani yake niliandika yote: mandazi, maneno yangu, karatasi iliyochanwa, simu. Kulikuwa na mjadala kuhusu jina kamili la marehemu, lililokuwa na baba na babu na kabila mpaka likavuka mstari. Mildred alihofia ulimi wake ungeteleza mbele ya wenye msiba. Akaamua tuseme tu Maalim, au marehemu mama yetu, kwani nyumba yenye msiba kila mtu anajua nani amekufa.

Jumatano saa tisa kasoro tukaondoka Ghala, wanawake sita na Jeff. Jeff alikuwa dereva wa duka la fanicha na alikuwa na lori lenye sofa mbili za mteja. Basi tulikwenda msibani tumekaa kwenye sofa nyuma ya lori, nailoni zake zikitunatia miguuni, Mildred katikati ameshika kurasa kifuani. Msiba haukuwa Ansab, maana nyumba ya Maalim ilikuwa ndogo. Wanawake walikuwa wanakaa kwa binti yake, Rahila, huko Wattaya. Maelekezo yalikuwa ya Kimaskati: pita maduka ya magari, panda kilima, mtaa wa pili, utaona magari mengi. Jeff alisema asituelekeze mtu, yeye Wattaya ameshusha makabati mpaka vyumbani.

Tuliona magari mengi. Tuliona viti vya plastiki chini ya hema, wazee wa kiume wamekaa na vikombe vya kahawa, na rundo la viatu vya kike mlango wa pembeni. Mildred alitafuta picha ya marehemu getini, akatafuta kitabu cha kutia sahihi, hakuona. Akatikisa kichwa kwa huruma akasema watu hawa hawajui kujipanga. Jeff akaenda kukaa kwa wanaume, ambako nilimwona akishikishwa sahani ya halua kabla makalio yake hayajagusa kiti. Sisi tukavua viatu tukaingia.

Kilikuwa chumba kikubwa, wanawake wamekaa kuzunguka kuta nne. Wengine walikuwa na juzuu mkononi, wengine na tasbihi, na karibu wote walikuwa wakinong'ona kwa Kiswahili cha Unguja. Tukawapa mikono wote, duara zima, na zile salamu za pole za Kiarabu ambazo Maalim mwenyewe alitufundisha. Wakatupokea vizuri, wakatusogezea tende. Nikamtafuta binti yake kwa macho. Mmoja, wa miaka kama hamsini, alikuwa amekaa karibu na mlango wa ndani na macho makavu, na kila anayeingia alimpa yeye mkono kwanza. Nikasema moyoni, ndiye huyu.

Mildred akasimama katikati ya chumba, akakohoa, akafungua kurasa.

Sijui kama umewahi kuona wanawake thelathini wenye adabu wakishangaa bila kusogeza hata kope. Msibani kwao hakuna hotuba. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa ameshaanza. Alisoma kwamba marehemu mama yetu alikuwa na moyo usio na mlango. Juzuu moja ikafungwa polepole. Alisoma kwamba hapana mtu aliyetoka kwake na njaa. Bibi wawili wakaangaliana. Alisoma kwamba kila Ijumaa kwa miaka minane marehemu aliwakusanya watu wasio na mtu, akawasomesha bure, na hakutaka ijulikane. Hapo bibi mmoja mzito wa masikio, aliyekuwa amekaa chini ya kiyoyozi, akauliza kwa sauti anayesemwa ni nani. Jirani yake akamwambia sikioni, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, kwamba ni huyu huyu wao.

"Huyu aliyeninyima ufagio?" akauliza bibi.

"Alikuwa akitoa kwa siri," jirani akamjibu. "Sadaka ya siri khasa. Mkono wa kushoto haujui."

Habari ikazunguka chumba kwa minong'ono. Nikaona kanga zinapandishwa machoni. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa kwikwi, akisema kumbe wamemdhulumu kwa ndimi zao miaka yote. Mildred alipoona machozi akapandisha sauti. Nami, nakiri, nilijivuna kidogo, kwa kuwa wasifu niliuandika mimi. Lile la ufagio lilinikera sikioni, maana Maalim hakuwa mtu wa kunyima ufagio, lakini nikadhani ni ugomvi wa zamani wa majirani.

Kisha ikafika zamu yangu. Nikasimama na ukurasa wa nne, nikamwelekea yule binti mwenye macho makavu. Nikaanza: mimi, Beryl, nilimkosea Maalim Shaikha.

Wanawake wote wakamgeukia yule mwanamke.

"Shaikha yuko mtaa wa nyuma, mwanangu," akasema yule mwanamke, kwa upole. "Kwa binti yake Rahila. Hapa tunamlilia mama yangu, Nasriya."

Nilitaka sakafu ifunguke. Mildred akazikunja kurasa zake. Aliketi alipokuwa amesimama, bila kutazama, akamkalia mtu mguu. Nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya kamati, na yule mwanamke, aliyekuwa akiitwa Sabah, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Nilijua toka mstari wa mwanzo," akasema. "Mama yangu hakumpa mtu kitu bure, hata salamu. Lakini leo siku ya tatu watu wanaingia, wanakaa, wanatoka, na hapana hata mmoja aliyesema zuri lake. Nikasema hebu ninyamaze nisikie mtu akimsifu mama yangu."

Hakulia aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyelia, na sikumjua huyo Nasriya kwa sura wala kwa kivuli.

Na hapa nitampa Mildred haki yake, maana nimemsema sana. Alijiinua, akajiweka sawa sketi, akamuuliza Sabah, kama anavyomuuliza mgonjwa panapouma, zuri la mama yake lilikuwa lipi. Sabah akafikiri. Chumba kizima kikafikiri pamoja naye, na unaweza kuona ilikuwa kazi. Mwishowe akasema mama yake hakuwahi kumsengenya mtu. Akiwa na tusi lako, alikuja nalo mlangoni kwako akakupa mwenyewe. Wanawake wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akasema kweli, hata yeye alipewa lake, tena asubuhi na mapema. Mwingine akaongeza kwamba biriani la Nasriya halikuwa na mpinzani, ila ulionje harusini kwake mwenyewe tu, maana hakuwahi kumpikia mtu mwingine. Chumba kikacheka, Sabah naye akacheka, na ndani ya kicheko hicho ndipo machozi yalipomtoka.

"Iandikwe," akasema Mwenyekiti.

Katibu nikaandika. Karatasi tupu sikuwa nayo, nikageuza ukurasa wa nne nikaandika nyuma yake, mstari kwa mstari, kila walichokumbuka. Nilipomaliza nikampa Sabah. Yule bibi mzito wa masikio aliomba aelezwe upya, na alipoelezwa akasema yeye bado anaamini ni sadaka ya siri.

Adhana ya alasiri ikaanza wakati huo. Nikainuka, kwani alasiri ndio mwisho. Sabah aliona uso wangu. Akajitanda vizuri, akavaa viatu, akaacha msiba wa mama yake mikononi mwa shangazi zake, akatutangulia kwa miguu. Tukamfuata mbio mbio kwenye jua lile, wanawake sita na nguo zetu nyeusi za kanisani, tukikata uchochoro kati ya kuta mbili. Jeff tulimwacha na halua.

Kwa Rahila mikeka ilikuwa inakunjwa. Wanawake wanne hivi wa nyumbani ndio waliobaki. Mmoja alikuwa akifunika chupa za kahawa, mwingine akikusanya juzuu kwenye sanduku lake. Rahila alikuwa mwembamba, amevaa miwani, mfanyakazi wa wizara fulani, mwenye ule uso wa watu waliopokea mikono mia kwa siku tatu na hawajalala. Sabah akamwambia, wageni wako hawa, wamepitia kwangu kwanza. Wakashikana mikono, wafiwa wawili, na Sabah akarudi kwake.

Mildred akazifungua kurasa zake tatu, akamtazama Rahila, akatazama mikeka, kisha akazikunja akazitia mkobani. Tangu nimjue hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiahirisha hotuba yake mwenyewe. Tukakaa. Rahila akatutolea kahawa iliyobaki na akatuomba radhi kwamba halua imekwisha. Akatuuliza majina, mmoja baada ya mwingine, na kila jina alilijua, kwa sababu mama yake kila Ijumaa mchana alimpigia simu kumsimulia darasa. Alijua nani anaandika kama kuku anaparura, na nani anasinzia.

Nilikuwa wa mwisho. Nikasema jina langu huku nikitazama kikombe.

Rahila akaweka chini chupa ya kahawa. Akauliza kama mimi ni Beryl wa duka la dobi, Ghala. Nikasema ndiye. Akageuka akawaita wale wanawake waache mikeka waje wakae, wote, maana anahitaji mashahidi. Wakaja wakakaa, nusu ya mkeka imekunjwa, nusu haijakunjwa. Nikajua hukumu yangu imefika. Ukurasa wangu ulikuwa kwa Nasriya, na kichwani sikuwa na mstari hata mmoja wa maneno mazuri niliyoyapanga, kwa hiyo nikasema lile lililoniuma kuliko yote.

"Simu ile niliipokea mimi," nikamwambia. "Nilikuwa hapo. Nilisema nimesafiri."

"Nnajua," Rahila akasema. "Aliyepiga ni mie, na mama nilimsogezea simu asikie. Akaniambia, ndiye huyo, mwache. Bado ana hasira, na ana haki nayo."

Sikuelewa. Nilimtazama Mildred, naye hakuelewa, na hilo kwake ni nadra.

Rahila akavua miwani. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokabidhiwa na hataki kukosea. Alisema mama yake alipojua harudi tena nyumbani alimpa majina matatu ya watu aliowakosea, akamuusia asifunge msiba kabla hajamwombea radhi kwa kila mmoja, awe Muislamu asiwe Muislamu, kwani haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe. Wa kwanza alikuwa jirani yake wa Ansab, kwa ajili ya ukuta. Wa pili binamu yake, kwa neno alilosema kwenye harusi mwaka 1971. Hao wawili walikuja Jumatatu, wakasamehe, wakanywa kahawa. Wa tatu alikuwa mimi. Kama nisingekuja, alisema, mkeka mmoja ungebaki chini mpaka anifuate Ghala.

"Alisema, nilimcheka mwanafunzi wangu mbele ya watu, na amesimama anasoma," akasema Rahila. "Miaka thelathini sijamcheka mwanafunzi anaposoma. Nikamcheka mtu mzima aliyedhulumiwa. Sasa mie nnakuomba, dada Beryl, kwa niaba yake. Msamehe mama yangu."

Nilikuwa nimekuja kuomba. Maneno yote niliyokuja nayo yalikuwa ya kuomba, hata magoti niliyatayarisha. Nikamwambia Rahila kwamba haiwezekani, kwamba mimi ndiye niliyemtukana, nilimwambia hakuna anayemtaka, alinipigania likizo yangu na sikumpa hata asante. Nikamuuliza hayo je, aliniachia jibu gani juu ya hayo.

Rahila akafikiri kwa haki kabisa, kama anayepekua kila alichoambiwa hospitalini siku zile.

"Hayo hakuyataja," akasema. "Alinitajia lake tu."

Hapo nikalia vibaya, kilio cha kelele kisichofaa mbele za watu, na kahawa ikanimwagikia sketini. Wale wanawake wa mikeka wakasubiri. Mmoja akanipa pembe ya mtandio wake nifutie pua. Mildred akaninong'oneza kwamba watu wana swala na msiba haufungiki mpaka niseme, kwa hiyo nijikaze, niseme.

Mara tatu nilisema kwamba nimemsamehe. Mara ya kwanza nilikiambia kikombe. Mara ya pili hakuna aliyesikia, maana Mildred alikuwa ameshaanza kulia kunishinda. Mara ya tatu nilisema kwa nguvu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiarabu, na mashahidi wote wanne wakaitikia kwamba wamesikia, ndipo Rahila akavaa miwani yake, akainuka, akashika ncha moja ya ule mkeka, nami nikashika ya pili.